Kuitwa Mara Mbili

Mwanangu Salma alikuwa ameacha kuitika. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, na sitaki msomaji adhani nilikwenda Malta kuota jua. Nilikuwa nikisimama chini ya ngazi, nyumbani kwetu Hayes, London, naita, "Salma! Salma!" na huko juu kimya. Nikipanda, huku napumua kama mbeba magunia, namkuta amekaa kitandani, macho wazi, masikioni hana kitu. Nikimwuliza kama alinisikia, anasema alinisikia. Basi mbona huitiki? Hapo hunyanyua bega moja, na mazungumzo yamekwisha.

Ilianza alipofariki baba yake. Baba Salma alikuwa dereva wa basi, mtu wa Wete kule Pemba, mpole hata kwa abiria walevi. Alianguka jikoni Jumamosi moja asubuhi, mimi niko kazini kwenye nyumba ya wazee, Salma yuko chumbani kwake juu. Yeye ndiye aliyemkuta na yeye ndiye aliyepiga simu kuita gari la wagonjwa. Alikuwa na miaka kumi na minne. Sikumwuliza neno juu ya asubuhi ile, si kabla ya hitima wala baada yake. Nilidhani huko ndiko kumhurumia.

Miaka miwili ikapita hivyo. Shuleni waliniambia wakimwita kwa nyuma hageuki, nikampeleka kwa daktari, masikio yakaonekana mazima kuliko yangu. Nikaamua kuwa ni kiburi cha umri. Nikawa namnunia, naye ananinunia, tukaishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Kisha mwezi wa Januari, tunatoka kununua samaki Uxbridge Road, gari la mizigo likaanza kurudi nyuma kumwelekea. Mimi nilikuwa nimebaki hatua chache nyuma na mifuko yangu. Nikamwita, nikamwita tena. Hakugeuka. Dereva alimwona kwenye kioo akafunga breki, na Salma akaendelea kutembea kama aliyeitwa ni mtu mwingine. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka. Siku hiyo nilielewa kuwa huku kutoitika kutaniulia mwanangu.

Wiki moja baadaye aliniletea simu yake jikoni. Palikuwa na picha ya boti nyeupe, bahari ya buluu, na maelezo ya safari ya siku moja kwenda kisiwa kidogo kiitwacho Komino, watu wanane tu, bila ya muziki. "Mum, can we go?" akasema. Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu msiba. Niliomba likizo siku hiyo hiyo, asije akabadili nia.

Ijumaa, saa sita mchana, Heathrow. Faida ya kukaa Hayes ni kwamba uwanja wa ndege uko mlangoni. Ndege hutupitia juu ya paa mpaka tumezizoea kama majirani wenye kelele. Tulipanda basi, mimi na begi la nguo na begi la chakula, kwa sababu sina imani na mapishi ya watu nisiowajua. Kachori zilipita ukaguzi, visheti vikapita, chatne ya ukwaju ikakamatwa. Dada wa ukaguzi aliniambia kuwa hayo ni maji. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni chatne, maji nayajua." Akaitupa. Salma aliangalia pembeni, lakini nilimwona anatabasamu, na kwa tabasamu lile ningempa yule dada chupa nyingine aitupe.

Katika ndege alikaa dirishani. Safari ni ya saa tatu na kitu, na nusu yake nilisinzia. Kila nilipofumbua macho nilimkuta amegeuza kichwa, anaangalia nyuma ya kiti chake. Nyuma palikuwa na mzee wa Kizungu aliyelala mdomo wazi. "Unamtafuta nani?" nikamwuliza. Akasema hamtafuti mtu.

Ijumaa jioni, Sliema, nje kidogo ya mji mkuu wa Malta. Nyumba ni za mawe ya rangi ya mkate, zimebanana, na vibaraza vya mbao vilivyofunikwa kama vile vya Mji Mkongwe. Hilo lilinifurahisha. Kilichonisisimua ni lugha. Nilikuwa dukani nanunua maji nikasikia wanawake wawili wanazungumza, na katikati ya maneno nisiyoyajua likanijia neno ninalolijua, kisha jingine. Bahari kwao ni bahar. Roho ni ruh. Siku ile ya Ijumaa wanaitamka karibu sawa na sisi, na Mungu, ingawa ni Wakristo wenye misalaba shingoni, wanamwita Alla. Ilikuwa kama kusikia watu wa kwenu wanazungumza chumba cha pili na mlango umefungwa. Nilimwambia Salma, naye akasema kwa sauti ndogo kuwa anajua hisia hiyo. Nilikuwa na njaa, sikumwuliza anaijuaje.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, gatini. Nahodha wetu alikuwa Karmenu, mtu mzima mwenye masharubu meupe na mikono kama makasia, na msaidizi wake ni mkewe, Marija, aliyeshika karatasi ya majina na birika la chai. Abiria tulikuwa wanane kweli: mimi na Salma, mume na mke Wajerumani, ndugu watatu wa kike kutoka Poland, na bwana mmoja mwenye kamera kubwa kuliko kichwa chake. Marija alisoma majina. Alipofika kwa Salma, Salma alikuwa anamtazama usoni, akanyoosha mkono vizuri tu. Hilo nilikuwa nimeligundua zamani. Anayemwona humjibu.

Hewa ilikuwa nzito na ya joto, si ya mwezi wa Machi. Upepo ulikuwa umekata kabisa. Bahari ilitulia kama mafuta kwenye kikaango ambacho hakijawashiwa moto, na sikuona ndege hata mmoja. Karmenu aliangalia kusini kwa muda, akasema jambo na mkewe, kisha akatugeukia sisi kwa Kiingereza.

"Hewa hii inatoka Libya," alisema. "Ikikutana na maji baridi huleta ukungu. Ukungu ukija mkiwa kisiwani, kaeni mlipo. Kisiwa kina mapango chini ya majabali, na mapango yanarudisha sauti. Msifuate sauti ya mtu. Fuateni honi yangu."

Mimi, kwa kupenda kwangu maneno, nikamwambia kuwa kwetu Unguja mambo hayo tunayo. Nikamweleza alivyonifundisha bibi yangu: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Ngoja aite mara ya tatu. Asiye mtu huita mara mbili tu, ya tatu haiwezi, na ukiitika mapema umekwenda naye. "Na huyu binti yangu," nikaendelea, "nilimfundisha hivyo hivyo alipokuwa na miaka mitano, London, ili asije akawafungulia mlango watu nisiowajua." Wageni wakacheka. Nikawaongezea kuwa marehemu mume wangu aliifanya kanuni hiyo mchezo. Alisimama jikoni akaita polepole, Salma, Salma, na kwenye ya tatu mtoto hushuka ngazi kwa kishindo na "Abee!" ya kupasua masikio. Karmenu hakucheka. Alisema mama yake alikuwa na kanuni kama hiyo, ila yeye alihesabu kengele.

Nilimtazama Salma nipate kumtania. Alikuwa amenipa mgongo, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

Saa nne na nusu tulifika Komino. Jina la kisiwa limetokana na uzile, ile bizari tunayotia kwenye pilau, lakini sikuuona popote. Ni jabali tupu lenye vichaka vya kufikia magotini, harufu ya majani makavu, na njia moja ya vumbi. Wakati wa kiangazi, Marija aliniambia, watu hujaa pale wakakosa pa kutandika taulo. Siku ile tulikuwa sisi tu. Upande mmoja wa kisiwa umesimama mnara wa zamani wa walinzi, na njiani kuuendea kuna jengo refu lililoezuliwa na wakati, madirisha bila ya vioo, ambamo zamani walitengwa wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Waliletwa kwa boti, alisema Karmenu, na jamaa zao walikuja kusimama ufukweni kuwaita majina.

"Waliitika?" Salma akamwuliza. Nilishangaa kumsikia.

"Walioweza," akasema Karmenu.

Tulipitia lile jengo kwa nje. Wageni wengine walipiga picha wakaendelea. Salma alisimama kwenye dirisha moja, ameinamisha kichwa ndani, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Nilisogea nami nikatega sikio. Palikuwa na giza, ubaridi unaotoka kwenye kuta, na kimya. Kisha, sina hakika, nilidhani nimesikia kitu kama kiti kinaburutwa. Nikamvuta mkono tukaondoka, na nilipumua vizuri tulipofika kwenye jua.

Saa sita na nusu tulikula kachori chini ya mnara, sisi wawili, wenzetu wametawanyika. Kutoka pale ardhi inateremka kidogo, kisha inakatika ghafla, na chini ni bahari. Saa saba nikatia udhu kwa maji ya chupa, nikatandika kanga kwenye nyasi nisali adhuhuri. Salma alikuwa na udhuru wake, akakaa nyuma yangu, hatua tano hivi. "Usitoke hapa," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa rakaa ya tatu nilipohisi ubaridi shingoni. Katika sala hugeuki, nami sikugeuka. Nilipotoa salamu ya kulia, upande wa bahari, palikuwa peupe, hakuna maji wala mbingu. Nilipotoa ya kushoto mnara ulikuwepo, kisha nao ukafutika mbele ya macho yangu, kuanzia chini kwenda juu. Nikageuka nyuma. Salma hayupo.

Nilisimama hapo hapo kwenye kanga. Sikuweza kuona miguu yangu vizuri. Nikajua kuwa ukingo wa jabali uko karibu, sijui upande gani, na kwamba mwanangu ni mtu asiyeitika. Nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Salma!"

Ukungu ukaimeza sauti. Nikaita tena.

"Salma!"

Safari hii ilirudi. Ilitoka upande wa bahari, chini, na ilisema jina la mwanangu kwa sauti nzito kuliko yangu, polepole, kama mtu asiye na haraka. Karmenu alikuwa ametuonya juu ya mapango, na mimi si mtoto, najua mwangwi. Lakini mwangwi wa kwanza uko wapi? Na mwangwi wa mwanamke huwaje wa kiume? Nilifunga mdomo wangu kwa kiganja. Nilichofikiri ni kwamba kitu kile sasa kimejifunza jina lake, na kila nikiita nakisaidia kumpata.

Basi sikuita tena. Nilipiga magoti nikaanza kumtafuta kwa mikono, mwanamke mzima wa miaka hamsini na moja, natambaa juu ya mawe huku nasoma Ayatul Kursiyyi kimoyomoyo. Nilishika vichaka, nilishika mfuko wetu wa chakula, nilishika jiwe nikadhani ni kiatu chake. Honi ya boti ililia, mbali, kisha karibu, kisha mbali tena, na sikuweza kujua iko wapi. Sijui zilipita dakika ngapi. Nililia bila ya sauti, kwa hofu ya kusikiwa.

Mkono uliniangukia begani, nikapiga ukelele. Alikuwa Karmenu, na taa ya betri iliyomulika ukungu tu. Marija alikuwa amesoma majina ufukweni, watu sita wakaitika, wawili kimya, ndipo Karmenu akapanda njia kwa kuhesabu mawe ya pembeni.

"Binti?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Mbona humwiti?"

"Nimeita," nikanong'ona.

"Mara ngapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikahesabu. Mbili. Nilikuwa nimemwita mara mbili. Na jikoni Hayes, miaka yote hii, huita mara mbili, nikikosa jibu nikapandisha hasira na ngazi. Na siku ile ya gari la mizigo, mara mbili. Mimi, mwenye kanuni yangu, niliyeipigia mbiu asubuhi ile mbele ya Wajerumani.

Nilisimama. Nikamshika Karmenu mkono. Nikavuta pumzi, nikaita kwa mara ya tatu.

"Salma!"

"Abee."

Ilitoka karibu mno, kana kwamba tumeketi meza moja. Karmenu alinizuia nisikimbie. Akatangulia yeye, anapapasa ardhi kwa mguu, hatua moja moja, nami nyuma nimeshika koti lake. Nilihesabu hatua nane. Salma alikuwa amekaa ameegemea jiwe, mikono imekumbatia magoti, na mbele ya viatu vyake ardhi ilikuwa imekwisha. Nilisikia maji yanapiga chini kabisa. Muda wote ule nilipokuwa natambaa, alikuwa hatua nane kutoka kwangu.

Nilimpiga kofi la bega, kisha nikamkumbatia mpaka akalalamika. "Ulinisikia?" nikamwuliza.

"Nilikusikia," akasema kwa Kiingereza. "Mara mbili. Nilikuwa nangoja ya tatu."

Saa tisa na nusu ukungu ulianza kupungua, tukang'oa nanga. Marija alitupa mablanketi na chai yenye sukari nyingi. Wenzetu walikaa mbele, wamejikunyata, hata bwana wa kamera. Sisi tulikaa nyuma, karibu na mashine, pale ambapo hakuna anayeweza kukusikia isipokuwa uliyemgusa bega. Salma alianza kusema bila ya kuulizwa, na alisema Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, ambacho sikuwa nimekisikia tangu azikwe baba yake.

"Ile Saturday," alisema, "Baba aliniita. Salma, halafu Salma. Nilikuwa kwenye bed. Nikavaa slippers zangu, nikakaa ready, nacheka, nangoja ya tatu ili nikimbie. Nikangoja." Alijifunga blanketi vizuri. "Nilingoja sana, Mum. Nilidhani anafanya joke. Nikashuka mwisho, na chai yake imemwagika chini."

Niliweka chini kikombe cha chai.

"Na bado anaita," akaendelea. "Nyumbani. Mara mbili tu, always mbili. Sometimes ni sauti yake, sometimes kama yako, mimi sijui tena nani ni nani. So kila mtu akiniita nangoja ya tatu. Leo nilisikia ananiita huko chini kwenye maji, nikasogea nisikie kama kuna ya tatu. Halafu wewe ukaita, halafu nikawa sijui."

Aibu iliniingia kila mahali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nimekaa juu ya kimya kile miaka miwili nikikiita kiburi. Kanuni ilikuwa ya bibi yangu, na kule Unguja labda ilikuwa na kazi yake. Mimi nilikuwa nimeipakia kwenye sanduku nikaileta Hayes, nikampa mtoto wa miaka mitano, na mtoto akaishika kwa uaminifu kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu. Nilimwambia kuwa daktari alisema moyo ulisimama kabla hajafika sakafuni. Daktari alisema "huenda." Neno hilo sikulifasiri, na Mungu ananijua.

Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia kuwa namsikia mimi pia.

Alinitazama. "Wapi?"

"Jikoni. Naosha vyombo, nasikia nyuma yangu sauti yake. Maneno siyasikii vizuri, maji yanapiga kelele. Lakini ni yeye."

"And what do you do?"

Nilitamani kudanganya. "Naitika," nikasema. "Kila mara. Ya kwanza tu, naitika. Abee, Baba Salma."

Mdomo wake ulibaki wazi. "Lakini wewe ndiye uliyesema—"

"Nilisema," nikamkubalia. "Na nilijua ninavunja. Sikuweza kumwacha anaita."

Karmenu aligeuka mara moja kutuangalia, kisha akarudisha macho yake baharini. Tulipofika gatini Marija alisoma tena majina, ingawa tulikuwa mbele yake wote. Alipomaliza la nane aliendelea kuishika karatasi kidogo, anatazama viti vya nyuma tulivyokuwa tumevikalia, halafu akaikunja. Nilimuaga Karmenu kwa mikono miwili. Kachori zilizobaki nilimpa mkewe.

Jumapili, saa kumi za alasiri, Hayes. Tulirudi kwa ndege ya mchana, mvua ikatupokea kama tulivyoiacha. Nilifungua mlango wa nyumba, nikaweka mabegi kwenye korido, na Salma akawa anavua viatu ameshika ukuta. Nyumba ilikuwa na baridi ya siku mbili. Nilikuwa nataka kusema niwashe hita.

"Salma."

Ilitoka jikoni. Haikuwa na maji ya bomba ya kuifunika safari hii, wala ukungu. Ilikuwa sauti ya mtu wa Wete aliyechoka kidogo, anayemwita mtoto wake aje. Niligeuka nikamwona Salma amenyanyua uso, kiatu kimoja mkononi, na kwa uso wake nikajua kuwa tumesikia sote wawili, kitu kimoja, wakati mmoja.

"Salma."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kwa mazoea, "Abee" iko ulimini, na hapo nikaisikia ile sauti kwa mara ya kwanza kama ilivyo. Halikuwa jina langu. Miaka miwili nilikuwa naitika mimi, na aliyekuwa akiitwa ni mwingine.

Salma alikuwa anangoja. Nilimwona anahesabu kwa midomo, macho yamejaa. Nikamshika mkono.

"Usingoje, mwanangu," nikamwambia. "Ya tatu hana."

Akaangalia mlango wa jikoni.

"Abee, Baba," akasema. "Nakuja."

Akaenda, mguu mmoja na kiatu na mwingine na soksi. Sikumfuata. Nilimsikia anasimama katikati ya jikoni, akasema mambo kwa sauti ya chini ambayo hayakuwa yangu kuyasikia, kisha akafungua bomba akajaza birika. Alipotoka aliniuliza kama nakunywa chai.

Shekhe wetu akisoma haya atanisema, na ana haki. Lakini msomaji atataka kujua nilichojifunza safarini, nacho ni hiki: anayeita humtaka yule anayemwita, na mwingine akiitika badala yake hamsaidii mtu. Salma sasa anaitika. Nikimwita mara moja tu anajibu, tena kwa kelele mpaka jirani anagonga ukuta, na juzi shuleni wamenipigia simu kunipongeza kana kwamba dawa ni yangu.

Jikoni hakujasikika kitu tangu Jumapili ile. Mwanangu analala vizuri, nami namshukuru Mungu kwa hilo asubuhi na jioni. Ila nikiwa peke yangu naosha vyombo, hufunga bomba, nikasimama na mikono yenye povu, nikasikiliza kama kuna anayeniita mimi.